Nyumba na Bustani Unguja: Halima na Amoda Wakirudi Pwani kwa Njia ya Tabora



Siku hizi zinapendwa sana zile picha za mtu na mkewe waliovuka bahari kuu kwa boti ya tanga, wawili tu, mpaka siku wanayotia nanga kwao na jamaa wamejipanga gatini kuwapokea. Na sisi tunazipenda. Bi harusi akiziona humgeukia mchumba wake akamwambia fungate yao iwe namna hiyo, na mchumba hujifanya hakusikia. Lakini njia zetu wenyewe za zamani ziliwahi kupitwa na mtu na mkewe waliofanya safari ndefu ya kurejea, na wachache kati yetu wanawajua kwa majina. Mume akiitwa Amoda na mke akiitwa Halima. Walikwenda kwa miguu miezi kama tisa, wakapita Tabora, wakateremka Bagamoyo, na bahari waliikuta mwisho kabisa.

Skuli tulifundishwa habari ya Susi na Chuma, watumishi wawili waliobeba maiti ya Dokta Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Tukikua tunasikia majina hayo mawili, tunadhani walikuwa wawili tu porini na mzigo wao begani. Sivyo. Ulikuwa msafara mzima wa watu wapatao 60, wenye wapagazi, wapishi, wake za watu na watoto. Horace Waller, aliyezihariri na kuzichapisha London shajara za mwisho za Livingstone mwaka 1874, anawahesabu mwishoni wale waliodumu tangu zamani mpaka wakaikabidhi maiti pwani. Anataja wanaume watano: Susi, Chuma, Amoda, Abram na Mabruki. Kisha anasema wasisahauliwe wanawake wawili walioungana na msafara Manyema, Ntaoeka na Halima. Basi sisi leo tunaanzia pale alipomalizia yeye.

Tumtazame Amoda kwanza, kwa sababu yeye bahari aliijua kabla ya bara. Alikuwa kijana wa upande wa mto Zambezi, na pamoja na Susi aliajiriwa kufanya kazi katika meli za Livingstone huko. Mwaka 1864 Livingstone alikuwa na meli ndogo, Lady Nyassa, iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa na mito. Hakutaka kuiuza kwa watu ambao wangeitumia kusafirishia watumwa, akaamua kuivusha mwenyewe mpaka Bombay. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, wakafika tarehe 13 Juni, siku 45 baharini, wakati mvua na pepo za kusi zinakaribia kushika nguvu. Ndani ya chombo hicho walikuwemo Amoda, Susi, na vijana wawili, Chuma na Wekatani. Wenye kujua bahari ya Hindi wanaelewa kwamba hiyo haikuwa safari ya mchezo kwa meli iliyokusudiwa maji ya mtoni. Huko Bombay Amoda na Susi waliachwa wakifanya kazi bandarini, na mwanzoni mwa 1866 wakarudi Unguja pamoja na Livingstone, tayari kwa safari ya bara ambayo haikurudi kwa miaka minane.

Amoda hakuwa malaika. Mwaka 1868, nchi ya Kazembe, aliwahi kumwacha bwana wake akaenda zake, kisha akarudi akapokelewa. Tunalitaja hili kwa sababu vitabu vingi vinawaeleza watu hawa kama kwamba walizaliwa waaminifu. Walikuwa watu wa kawaida, waliochoka, walioudhika, wakaondoka na wakarejea.

Halima yeye alitokea upande mwingine. Livingstone alimpata Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kutoka kwa wafanyabiashara wa pembe waliokuwa huko. Tuseme wazi: alikuwa mtumwa. Jina lake la Kiislamu lilimkuta ndani ya ulimwengu wa waungwana wa misafara, walioeneza Kiswahili, kanzu na sala mpaka misitu ya Kongo, na ambao pia walinunua na kuuza watu. Mambo hayo mawili yalikwenda katika njia moja, na haitufai kulitaja moja tukalificha la pili.

Mara ya kwanza wageni kumwona Halima vizuri ni Novemba 1871, Ujiji, Stanley alipofika kumtafuta Livingstone. Stanley anamweleza kama mpishi wa nyumba na mke wa Hamoydah, ndivyo alivyoliandika yeye jina la Amoda. Siku ile Halima hakutulia. Alikuwa na wasiwasi kwamba Dokta haujui uzuri wa mapishi yake, kwa kuwa mzee yule alikuwa mgonjwa na chakula kilikuwa hakimwingii. Sasa amepata mgeni wa kuzungumza naye, anakula sahani baada ya sahani. Halima akafurahi kupita kiasi, na watu wakasimama mbele ya jiko kumsikiliza, naye anawapa habari zote bila kupumua. Kila mmoja wetu ana shangazi wa namna hii.

Mwishoni mwa Desemba 1871 wakaondoka Ujiji, wakafika Kwihara karibu na Tabora mwezi Februari 1872.

Hapa tusimame kidogo, maana Tabora kwa mtu wa Unguja si mji wa mbali kama unavyoonekana katika ramani. Katika miaka ya 1850 Waarabu wa kwetu walijenga makazi yao Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi, kwa ruhusa ya watemi wa pale. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata nchi kavu ya Ugogo penye kutozwa hongo, ikafika Tabora. Pale ikagawanyika: moja kwenda Ujiji ziwani, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Nyumba zilikuwa tembe, za mraba, kuta nene za udongo, dari bapa, na uwanja katikati ambamo ndimo mambo ya jikoni yalimofanyika. Fedha ilikuwa nguo: merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, pamoja na shanga. Mpagazi alibeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka hapo. Stanley mwaka 1871 alijisifu kwamba alitumia siku 84.

Na ndoa zilikuwa sehemu ya njia hiyo, jambo ambalo linatuhusu sisi. Kwa Wanyamwezi kijana hakuhesabiwa mwanaume kamili mpaka awe ameshuka pwani akaiona bahari na kurudi. Wengi walikwenda na wake zao, na mke alibeba vyungu, mikeka, unga na mtoto mgongoni. Wakubwa nao walioana kwa mambo ya utawala. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akawa mtu mwenye sauti katika nchi ambayo si yake. Tippu Tip mwenyewe, aliyezaliwa Unguja na kufia Unguja mwaka 1905, anaieleza habari hiyo katika kitabu cha maisha yake alichokitunga kwa Kiswahili. Kwa hivyo msomaji ukikuta katika ukoo wenu jina la bibi wa Tabora, usishangae.

Turudi Kwihara. Stanley aliondoka kwenda pwani Machi 1872, akaahidi kuleta watu na vifaa. Livingstone akabaki katika tembe ile akiwasubiri mpaka Agosti. Miezi mitano ya kungoja, watu wamejazana nyumba moja, hakuna safari, hakuna kazi ya maana. Anayejua nyumba ya wanawake wengi jikoni mmoja anajua kinachofuata. Halima akagombana na Ntaoeka.

Halima alikasirika akaondoka. Livingstone akaenda kwa Sultan bin Ali, mmoja wa wazee wa Kiarabu wa pale, na akapeleka barua ya kumfuatilia. Lakini Halima akarudi mwenyewe. Akasimama nje ya nyumba, hakuingia. Alichotaka ni kwamba mwenye nyumba atoke nje amwambie kwa mdomo wake: ingia. Mzee akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena. Tunaipenda sana picha hii. Mwanamke asiyekuwa na haki hata moja ya kisheria mbele ya watu wale, asiye na wazazi wala kaka karibu, bado anajua hadhi yake, anasimama mlangoni na kusubiri kubembelezwa kama tunavyosubiri sisi.

Usiku ule, au karibu na hapo, Livingstone akaandika juu yake katika shajara. Anasema tangu ampate hajawahi kumkaripia hata mara moja, kwamba ni mwangalifu na hodari, haibi, na wala hamwachi mumewe aibe. Anasema ndiye bora katika kundi lao zima. Akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi ili ajue kwamba hana kinyongo naye. Kisha akaandika kwamba atamwacha huru, na atamnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika.

Isomeni tena, dada zetu. Nyumba na bustani Unguja. Halima kwao ni Manyema, Amoda kwao ni Zambezi. Wanaposema katika vitabu kwamba msafara ulikuwa "unarudi nyumbani," nyumbani kwa watu hawa wawili ilikuwa ni hiyo: uhuru wa mke, nyumba moja na kipande cha ardhi chenye miti, katika kisiwa ambacho mume aliwahi kukipitia na mke hajapata kukiona. Na yote yalikaa katika sentensi moja ya daftari, kwa lugha ya Kiingereza.

Sisi tunaoandika haya si mahakimu wa mtu aliyekufa, na hatuna shaka kwamba Livingstone aliandika kwa nia njema. Lakini kwa mizani ya dini yetu kuna jambo la kuangalia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni lenye muda, awepo mwandishi wa haki na wawepo mashahidi. Na katika Suratun Nur, aya ya 33, mtumwa anayetaka kuandikiwa mkataba wa uhuru wake anaamrishiwa aandikiwe. Ahadi ya uhuru, katika sharia, ni kitu kinachowekwa mikononi mwa mhusika akakijua, akaweza kukidai. Ya Halima ilikuwa ahadi nzuri iliyoandikwa na aliyeahidi, ikasomwa na aliyeahidi, ikafungwa ndani ya sanduku la aliyeahidi. Pwani kulikuwa na utaratibu wa hati za uhuru mbele ya kadhi. Sultan bin Ali mwenyewe alikuwa mwendo wa mguu. Tunayasema haya pia kwa ajili ya mabinti wanaojiandaa na harusi, ambao huahidiwa nyumba siku ya posa na kila mtu akapiga vigelegele, kisha hakuna hata mmoja anayeuliza: nyumba ipi, kwa jina la nani, na iandikwe wapi? Somo wako atakufundisha singo na udi. Hili la hati muulize baba au kaka.

Na Ntaoeka, aliyegombana na Halima? Habari yake ni ya ndoa moja kwa moja. Alikuwa mwanamke mzuri wa sura na umbo, na alifuatana na msafara bila ya mume. Livingstone hakupenda mwanamke wa namna hiyo akae kambini bila mwenyewe, akampendekezea achague mmoja kati ya watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka alitabasamu tu. Shajara haifichi sababu: Chuma alionekana mvivu hata asingeweza kupata mke, na hao wawili wengine hawakuwa wa kutazamwa. Baadaye wanawake wenzake nao wakashikilia kwamba lazima aolewe. Unaweza kukisia kwa nini, kila mmoja alikuwa na mume wa kumlinda. Alipoulizwa tena, akamkubali Chuma, ambaye alijitetea kwamba uvivu wake ulitokana na kukosa mke.

Tumelijadili hili sana miongoni mwetu. Dini inasema hakuna ndoa bila ya ridhaa ya mwanamke, na kwa bikira kimya chake huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Lakini tabasamu la mwanamke aliye kambini, mwendo wa miezi kutoka kwao, mbele ya mwenye nguo na chakula chote, ni ridhaa ya aina gani? Baadhi yetu wanasema alimchagua aliye bora kati ya waliopo, kama wanawake wengi duniani. Wengine wanasema alichaguliwa. Tulichokubaliana ni kwamba aliyepata faida ya haraka ni msafara. Livingstone anaandika kwamba tangu siku hiyo Ntaoeka ndiye wa kwanza kuamka asubuhi za baridi, anawasha moto, anachemsha maji, anatwanga, anachota, anatafuta kuni, anafagia na kupika, kutwa nzima. Uvivu wa Chuma, kama ulikwisha, haukuandikiwa orodha ndefu kama hiyo.

Tarehe 25 Agosti 1872, baada ya watu wa Stanley kufika, waliondoka Kwihara kwenda kusini. Mbele yao walikuwa na mzunguko wa ziwa, kisha mabwawa ya Bangweulu katika masika, maji mpaka kifuani. Hatutausimulia mwaka ule hatua kwa hatua. Mwezi Aprili 1873 Livingstone alikuwa anabebwa kwa machela. Wakamtwangia mtama wakauchanganya na karanga, kitu laini cha kumtia nguvu, akashindwa kukimeza. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, walimkuta amekufa.

Kilichofuata kinajulikana. Moyo ulizikwa pale chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa siku 14 katika kibanda kisicho na paa, ukazungushiwa merikani, ukawekwa ndani ya ganda la mti na kushonewa turubai. Jacob Wainwright, kijana aliyesoma skuli ya misheni India, akaandika orodha ya vitu vyote vya marehemu. Daftari zikafungwa ndani ya masanduku. Kwa hivyo msafara ule, pamoja na maiti, ulibeba pia karatasi yenye nyumba na bustani ya Halima.

Mwanzo wa safari ulikuwa mgumu kuliko mwisho. Siku chache tu baada ya kuondoka, nusu ya watu walishikwa na ugonjwa, viungo na uso vikawauma, na wanawake wawili wakafa. Susi aliumwa kiasi cha kuusimamisha msafara kwa muda mrefu. Baadaye kwenye kijiji cha Chawende yalizuka mapigano, watu wakauawa, na msafara ukakiteka kijiji. Tunalisema kwa masikitiko, maana si kila hatua ya njia hii ilikuwa ya subira na uchamungu.

Mwezi Oktoba 1873 wakaingia Tabora. Kwa Amoda na Halima hii ilikuwa ni kurudi mahali panapofahamika: tembe ileile, miembe ileile, watu waliowajua. Chuma alitangulia na barua ya Jacob Wainwright, akamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone na sasa amechelewa. Cameron akawashauri waizike maiti palepale Unyanyembe, njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Hawakuwa na mkubwa wa kizungu juu yao, hawakuwa na mkataba uliowalazimisha, na njia ya Ugogo waliijua kuliko yeye. Wakamjibu kwamba watampeleka kwao. Cameron akachukua vyombo vya upimaji kutoka katika masanduku, naye akaendelea na safari yake kuelekea magharibi.

Kutoka Tabora mpaka pwani shida ilikuwa maiti yenyewe. Watu wa vijiji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Huko Kasekera walifanya hila ambayo kila tukiisoma tunacheka na kusikitika kwa pamoja. Waliufungua mzigo kwa siri, wakaupunguza na kuufunga upya ufanane na robota la nguo, kama mizigo mingine ya njiani. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakawapa wenzao wachache waubebe mzigo ule wa uongo kurudi nao Tabora kana kwamba wanakwenda kuuzika. Wale wakaenda mpaka porini usiku, wakayatupa mabua kipande kipande, wakarudi kwa kujificha. Msafara ukapita na "nguo" zake bila ya kuulizwa.

Na katika siku hizo hizo akafa mtoto. Jina lake Losi, msichana wa miaka kama kumi aliyekuwa akifuatana nao. Alikuwa anatembea na mtungi wa maji kichwani, nyoka akatoka majanini akamuuma pajani, na haikuchukua muda akawa amekata roho. Katika vitabu vya Livingstone habari yake ni mistari michache. Kwa wanawake wa msafara ule haikuweza kuwa mistari michache, waliokuwa wakimwita achote maji na kumsukia nywele jioni kwa muda wote huo. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Wengine hulieleza jina la mji huo kwa maana ya kubwaga moyo au kubwaga mizigo. Sisi lugha hizo tunawaachia wataalamu, lakini kwa siku ile mzigo ulibwagwa kweli, katika misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Balozi wa Uingereza hakuwepo Unguja, na aliyekaimu alikuwa Kapteni Prideaux. Meli ya kivita Vulture ikaja, ikaichukua maiti kuivusha.

Kilomita kama 40 za bahari. Kwa jahazi lenye upepo mzuri ni safari ya nusu siku, na kwa watu waliotembea zaidi ya kilomita 1,600 si kitu. Waller anasimulia yale aliyoambiwa na wanaume wa msafara wenyewe: mara walipokabidhi mzigo wao hawakutazamwa tena, na hakuna aliyewapa hata nafasi ya kuvuka nao mpaka kisiwani. Maiti ikavuka. Waliolipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha.

Unguja iliyokuwa ng'ambo ya maji ilikuwa imebadilika tangu Amoda aiache. Tarehe 5 Juni 1873, wakati msafara uko porini bado, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza biashara yao baharini. Pale Mkunazini palipokuwa pakiuzwa watu, Krismasi ya mwaka ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Lakini mkataba ule ulizuia kuuza na kusafirisha, haukumwacha huru aliyekwishamilikiwa. Hali ya utumwa kisheria ilikuja kuondolewa Unguja mwaka 1897, na masuria walisubiri mpaka 1909. Mwanamke wa Manyema aliyeteremka pwani mwaka 1874 bado alihitaji mtu aseme mbele ya watu kwamba huyu ni huru. Na Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo, ndiko walikokuwa wakijenga vibanda vyao wengi waliotoka bara, watumwa na walioachwa huru, udongo na makuti, kila nyumba na kipande chake cha uwanja.

Maiti ya Livingstone ilizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, wakakaa na Waller, wakamsaidia kuzisoma daftari na kumweleza yale ambayo hayakuandikwa. Zilitengenezwa nishani za fedha 60 kwa ajili ya watu wa msafara, zikafika Unguja wakati wengi wao wameshatawanyika kwenda safari nyingine. Ntaoeka, kwa miezi hiyo yote ambayo Chuma yuko Uingereza, alikuwa bi harusi wa njiani aliyebaki bila ya njia wala mume.

Daftari nazo zilifika salama, hazikuharibiwa na maji wala mchwa. Zikachapishwa mwaka huohuo wa 1874 katika juzuu mbili, na ukurasa wa Kwihara umo: ugomvi wa jikoni, mwanamke aliyesimama nje ya mlango, nguo nzito ya baridi, uhuru, nyumba na bustani Unguja.